Kaisari Akisema Hana Kitu

Mwaka hauishi Meru na Embu bila wananchi kuambiwa kwamba serikali haina pesa. Mkandarasi aliyemaliza kujenga zahanati huambiwa hivyo na ofisi ya fedha ya kaunti. Mzazi huambiwa hivyo na mwalimu mkuu, ambaye naye ameambiwa na wizara. Muuguzi huambiwa hivyo mshahara ukichelewa. Na wengi hunyamaza, kwa sababu kila mtu anajua kuishiwa ni nini, na asiye na kitu hadaiwi maneno mengi. Ndiyo maana swali hili haliwezi kuachiwa wachumi peke yao. Ikiwa serikali inaweza kuishiwa jinsi mkulima wa Runyenjes anavyoishiwa kabla ya malipo ya majani chai, basi tuihurumie na tungoje. Ikiwa haiwezi, basi maneno hayo ni ushuhuda wa uongo mbele ya mtu mwenye haki ya kulipwa, na ushuhuda wa uongo umekatazwa katika kila dini inayohubiriwa kuanzia Maua hadi Siakago. Hoja yangu ni kwamba serikali yenye sarafu yake haiishiwi pesa; huishiwa vitu, na huishiwa imani ya watu. Inaposema haina pesa, karibu kila mara imekwisha kuamua nani alipwe kwanza na nani angoje. Uamuzi wa namna hiyo unapaswa kutetewa mbele ya watu na walioufanya, wala haufai kutangazwa kama msiba ulioletwa na Mungu.

Tuanze na mgomo wa madaktari wa mwaka 2024. Ulianza katikati ya Machi na kumalizika tarehe 8 Mei, siku 56 ambazo wagonjwa wa hospitali za umma, ikiwemo ile ya rufaa ya Meru na ile ya Level 5 ya Embu, walirudishwa nyumbani au kubaki wodini bila daktari. Moja ya mambo makuu yaliyogombewa ni malipo ya madaktari wanagenzi. Mkataba wa 2017 kati ya madaktari na serikali ulisema shilingi 206,400 kwa mwezi. Serikali ikasema inaweza kutoa 70,000 tu, na Rais William Ruto akaeleza mwenyewe kwamba nchi lazima iishi kulingana na uwezo wake. Mgomo ukaisha bila jambo hilo kumalizika. Desemba mwaka huo huo, madaktari walipotishia kugoma tena, serikali ilikubali kulipa kiwango kile kile cha 2017. Kati ya Aprili na Desemba hapakugunduliwa dhahabu mahali. Tena, katikati ya kipindi hicho Mswada wa Fedha uliokusudiwa kuleta shilingi bilioni 346 ulikuwa umekataliwa na vijana barabarani, na tarehe 26 Juni Rais akakataa kuutia sahihi. Hazina ilikuwa na sababu zaidi ya kusema haina kitu mwezi wa Desemba kuliko mwezi wa Aprili. Kilichobadilika ni uzito wa madaktari mbele ya wakubwa. Mtu aliyesikia maneno ya Aprili na kuyaamini kama ukweli wa hesabu, aambiwe nini Desemba?

Ili kuelewa kwa nini jambo kama hilo linawezekana, ni lazima turudi nyuma hadi wakati pesa zenyewe zilipoingia katika nchi hii ya mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya. Waembu walishindwa vitani na Waingereza mwaka 1906. Meru ikapata mkuu wa wilaya wake wa kwanza, E. B. Horne, ambaye watu walimwita Kangangi, muda mfupi baadaye. Kabla ya hapo watu wa sehemu hizi walikuwa na mali, biashara, mahari na faini, na vyote hivyo vilihesabiwa kwa mbuzi, ng'ombe, nafaka na asali. Rupia, sarafu ya serikali ya Waingereza wakati ule, hawakuzihitaji. Kodi ya nyumba, ambayo ilikuwa imeanzishwa katika himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki mwaka 1901, ndiyo iliyozifanya zihitajike. Mtu aliyekuwa na nyumba alitakiwa kutoa rupia, na rupia hazikuota shambani kwake. Zilipatikana kwa kumfanyia Mzungu kazi au kumuuzia kitu aliyekwisha kuzipata. Tutazame mpangilio wa mambo. Serikali haikuja Embu kutafuta rupia ambazo Waembu walikuwa wamezificha. Iliwataka watu watoe kitu ambacho serikali yenyewe ndiyo iliyokileta, ili wapate sababu ya kuifanyia kazi. Pesa zilitangulia kutoka serikalini kabla ya kurudi serikalini kama kodi. Anayedhani kwamba serikali ni mpokeaji tu, kwamba inangoja wananchi watengeneze pesa ndipo ipate chake, anausoma mchakato huu kinyume.

Wasomaji wa Injili wanajua kisa cha wale waliomuuliza Yesu kama ni halali kulipa kodi, kisha wakamletea dinari. Yeye aliuliza kwanza sura iliyochorwa juu yake ni ya nani. Mahubiri mengi hukimbilia jibu la mwisho, la kumpa Kaisari kilicho chake, na kuliacha swali la kwanza. Lakini swali la kwanza ndilo lenye hoja yetu: sarafu hutoka kwa yule ambaye sura yake iko juu yake, na kwa sababu hiyo Kaisari hawezi kudai kwamba amekosa sarafu zenye uso wake mwenyewe. Anaweza kukosa ngano, askari au heshima. Katiba ya Kenya ya 2010 imekwenda mbali zaidi. Kifungu cha 231 kinakataza noti na sarafu kubeba picha ya mtu yeyote. Zinaweza kubeba tu alama za nchi. Kwa lugha ya imani, Katiba imeiondoa pesa mikononi mwa Kaisari na kusema ni ya nchi nzima. Basi anayesema hazina ni tupu anasema juu ya kitu chetu, na tuna haki ya kumwomba atuonyeshe.

Hebu tuone kwa karibu jinsi shilingi inavyofika Meru. Hakuna lori lililobeba noti linalopanda kutoka Nairobi kupitia Embu na Chuka. Kaunti ina akaunti yake ya mapato katika Benki Kuu ya Kenya. Maafisa wake huandaa ombi la kutoa fedha na kulipeleka kwa Msimamizi wa Bajeti, ambaye Katiba imempa kazi ya kuhakikisha kwamba kila ombi lina sheria nyuma yake. Akiidhinisha, na Hazina ya Taifa ikiwa imetoa mgao, tarakimu hupunguzwa katika akaunti moja na kuongezwa katika nyingine, kisha malipo huingizwa katika IFMIS, mfumo wa serikali wa kusimamia fedha kwa kompyuta, hadi benki ya mkandarasi au ya muuguzi. Safari yote ni ya kumbukumbu na sahihi. Shilingi ya serikali ni ahadi iliyoandikwa kwenye daftari la Benki Kuu, na daftari haliishiwi tarakimu. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Benki Kuu ilipunguza akiba ambayo benki zinalazimika kuweka kwake kutoka asilimia 5.25 hadi 4.25, na kwa hatua hiyo moja shilingi bilioni 35.2 zikawa huru kukopeshwa. Hakuna aliyezichimba. Ziliachiliwa kwa kauli ya kamati.

Haikuwa hivyo siku zote. Chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919, shilingi ilifungwa kwa pauni ya Uingereza, 20 kwa moja, na ilitolewa kwa kuwekewa akiba ya pauni kule London. Serikali ya koloni kweli iliweza kuishiwa, kwa kuwa ilikuwa imefungwa mikono ili isiweze kutoa sarafu yake. Kenya ilipata Benki Kuu na shilingi yake mwenyewe mwaka 1966, na hapo ndipo maana ya kuishiwa ilipobadilika kwa serikali ya taifa. Hata sasa sheria inaiwekea mpaka: Benki Kuu hairuhusiwi kuikopesha serikali moja kwa moja zaidi ya asilimia 5 ya mapato yake ya kawaida yaliyokaguliwa. Ni mpaka mzuri, nami nitautetea. Lakini ni mpaka uliowekwa na Bunge, na Bunge linajua liliuweka kwa nini. Kizuizi cha sheria na ukosefu wa kitu ni mambo mawili, na mwananchi akielezwa la kwanza kana kwamba ni la pili amedanganywa, hata kama aliyemweleza hakukusudia.

Pingamizi la kwanza linajulikana na kila mtu aliyekuwa mtu mzima mwaka 1993. Ikiwa serikali inaweza kuandika tarakimu, itaziandika bila kikomo na bei zitapaa. Wakati wa uchaguzi wa 1992 pesa zilimwagwa, kashfa ya Goldenberg ikala kiasi kikubwa, na mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 46. Zaire ya Mobutu ilikwenda mbali kuliko sisi. Mwishoni mwa 1992 ilitolewa noti ya zaire milioni 5, Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi akatangaza kwamba si halali, wafanyabiashara wakaikataa, na wanajeshi waliolipwa kwa noti hizo wakaanza kupora Kinshasa mnamo Januari 1993. Mwaka huo huo serikali ikaleta zaire mpya, moja kwa zaire za zamani milioni 3. Watu wa Kasai waliikataa kabisa na kuendelea kutumia noti za zamani, zile ambazo serikali yenyewe ilikuwa imezifuta. Kisa hicho cha Kasai ndicho ninachotaka tukitafakari. Mobutu hakuishiwa pesa hata siku moja; alikuwa na mashine na karatasi. Aliishiwa watu wa kumwamini. Na watu wa Kasai waliona ni afadhali noti zilizofutwa, kwa kuwa angalau hakuna mtu aliyeweza kuongeza nyingine. Kwa hiyo pingamizi hili halibomoi hoja yangu. Linaonyesha ukuta wenyewe uko wapi: serikali inakoma pale ambapo vitu vya kununuliwa vimekwisha, au pale ambapo anayeuza hataki tena ahadi yake.

Vitu kwisha ni jambo ambalo Embu inalijua kuliko wengi. Mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yako katika nchi kame ya Mbeere na majirani zake. Mwaka 2000 mvua zilipokosekana, maji yalipungua na Kenya ikaingia katika mgao mkali wa umeme. Hakuna kiasi cha shilingi ambacho kingejaza Masinga mwaka ule. Hapo serikali ilikuwa imeishiwa kweli, na aliyesema hivyo alisema ukweli. Kitabu cha Mwanzo kina funzo lile lile katika habari za Yusufu. Njaa ilipozidi, fedha zote za Misri na Kanaani zilikwisha kuingia katika nyumba ya Farao, na watu wakabaki bila kitu cha kununulia. Farao alikuwa na fedha yote, lakini fedha haikupunguza njaa ya mtu hata mmoja. Nafaka iliyowekwa ghalani katika miaka saba ya neema ndiyo iliyoipunguza. Na watu walioishiwa fedha wakatoa mifugo, kisha ardhi, kisha nafsi zao. Msomaji anayekisoma kisa hiki kama sifa ya akili ya Yusufu tu hajakimaliza. Ghala lilikuwa la wokovu, lakini masharti ya kulifungua yaliwageuza watu huru kuwa watumwa, na masharti yale yaliamuliwa na mtu.

Ukiyachukua hayo, hukumu juu ya kuchapisha pesa hovyo inakuwa nzito zaidi. Mfumuko wa bei ni kodi ambayo Bunge halikuipigia kura, na huangukia kwa nguvu mtu asiye na shamba wala nyumba ya kupangisha: kibarua anayevuna muguka kwa malipo ya siku, mama anayeuza ndizi sokoni Gakoromone. Mwenye ardhi huona thamani yake ikipanda pamoja na bei. Kwa hiyo sitaki mtu achukue hoja yangu kama ruhusa ya kufungulia bomba. Ninachotaka ni kwamba anayekataa kulipa aseme sababu halisi. Kama sababu ni kuwa madaktari hawapo wa kuajiriwa, aseme. Kama ni kuwa matumizi zaidi yatapandisha bei ya unga, aseme na aonyeshe hesabu. Hizo ni sababu ambazo raia anaweza kuzipima. Kusema tu kwamba pesa hakuna ni kufunga mlango wa kuulizwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu kubwa. Kenya haitoi dola. Mkopo wa Eurobond wa dola bilioni 2 uliochukuliwa 2014 ulikuwa ulipwe Juni 2024, na kufikia Januari mwaka huo dola moja ilikuwa imefika karibu shilingi 160 kwa hofu kwamba hautalipwa. Februari serikali ilikopa upya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kununua sehemu kubwa ya deni la zamani, na shilingi ikapata nafuu hadi karibu 130 katika miezi iliyofuata. Hapa serikali inaweza kufilisika kwa maana kamili. Zambia mwaka 2020, Sri Lanka na Ghana mwaka 2022 zilishindwa kulipa madeni ya nje. Lakini tuangalie dola zinatoka wapi. Zinatoka kwa mchuma chai wa Imenti na wa Embu, ambaye majani yake huuzwa kwa dola katika mnada wa Mombasa. Zinatoka kwa kahawa, ambayo Meru na Embu, pamoja na Kisii, zilikuwa za kwanza kwa Waafrika kuruhusiwa kuilima katika miaka ya 1930. Zinatoka kwa miraa ya Igembe, na ndiyo maana Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014, na Somalia ilipoifungia kuanzia 2020 hadi 2022, pigo halikuwa la Maua peke yake. Mtu aliyekopa kwa dola Nairobi aliweka rehani jasho la mlimani, na wa mlimani hakuulizwa. Kuishiwa dola ni kweli, lakini njia ya kufika hapo ilijengwa na watu wenye majina na vyeo, mkataba baada ya mkataba, na Kifungu cha 201 cha Katiba kilikuwa kimewaambia kwamba mzigo wa mikopo ya umma ugawanywe kwa haki kati ya kizazi kilichopo na kijacho.

Aprili 2023 mishahara ya watumishi wa umma ilipochelewa, mshauri wa uchumi wa Rais, David Ndii, alieleza hadharani kwamba deni lilikuwa likichukua zaidi ya asilimia 60 ya mapato, na kwamba chaguo lilikuwa kati ya kulipa mishahara na kushindwa kulipa wadai. Wengi walimkasirikia. Mimi naona alifanya jambo la heshima ambalo wenzake hawalifanyi: alikiri kwamba ni chaguo. Katiba yenyewe inaweka deni la taifa katika malipo ya kwanza, pamoja na pensheni na mishahara ya majaji, kabla Bunge halijagawa chochote. Mdai wa nje yuko mwanzo wa foleni kwa mujibu wa sheria, muuguzi yuko nyuma. Unaweza kuwa na sababu nzuri za kuipanga foleni hivyo, maana nchi isiyolipa madeni haikopeshwi tena. Lakini foleni ni foleni, na aliye nyuma ana haki ya kujua kwamba kuna walio mbele yake.

Linabaki pingamizi la kaunti, ambalo ndilo linalomgusa zaidi mtu wa Meru na Embu. Kaunti haina Benki Kuu. Haiwezi kukopa isipokuwa serikali ya taifa iidhamini na bunge la kaunti liridhie. Ina ushuru wa majengo, leseni, ada za soko na maegesho, na sehemu kubwa ya bajeti yake ni mgao kutoka Nairobi. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 Meru ilitengewa takriban shilingi bilioni 9.5 na Embu takriban bilioni 5.1. Basi, utasema, kaunti inaweza kuishiwa kama koloni la zamani lilivyoweza. Ni kweli, na naliacha neno hilo la koloni lisimame bila kulipunguza makali. Lakini hata hapa tuangalie pesa zilipokuwa siku kaunti zilipokauka. Katikati ya 2020 Seneti ilishindwa mara kadhaa kukubaliana juu ya mfumo mpya wa kugawa mapato. Miezi ikapita bila mgao, wafanyakazi wa kaunti wakakaa bila mishahara, na Baraza la Magavana likatangaza kwamba huduma zingesimama kuanzia tarehe 17 Septemba, wakati wa korona. Siku ile ile maseneta wakapitisha mfumo, baada ya kuahidiwa kwamba fungu la kaunti litaongezwa hadi bilioni 370 mwaka uliofuata. Fedha za mwaka ule zilikuwepo siku zote hizo. Kilichokosekana ni kura. Katiba inasema mgao wa kaunti upelekwe bila kucheleweshwa pasipo sababu na bila kukatwa, hivyo kila mwezi wa kuchelewa una mtu aliyeuchelewesha.

Na kaunti nazo, zikiisha kucheleweshewa, huwacheleweshea wengine. Hapa ndipo ninapoona dhambi iliyo wazi kuliko zote. Kufikia Juni 2023 kaunti za Kenya zilikuwa na madeni ya wazabuni na wakandarasi yanayozidi shilingi bilioni 160. Fikiria maana yake katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Embu au Nkubu. Mwenye duka amepewa zabuni ya mabati na saruji. Ameleta, vimekaguliwa, vimeezekwa, na watoto wamekwisha kukaa chini ya paa hilo. Kaunti haikulipa. Yeye alikuwa amekopa benki ili kuvinunua, na benki haingoji. Kwa lugha ya kitabu cha hesabu, kaunti ina deni. Kwa lugha ya ukweli, kaunti imejikopesha kutoka kwa mwenye duka bila idhini yake, bila riba na bila tarehe ya mwisho. Serikali isiyoweza kuchapisha pesa imepata njia ya kuzitengeneza: inaandika ahadi, inachukua bidhaa, na ahadi inabaki kabatini. Torati iliagiza kibarua alipwe kabla jua halijatua, na waraka wa Yakobo unasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele hadi masikioni mwa Mungu. Sijui andiko lolote linalomsamehe mzuiaji kwa sababu yeye ni serikali.

Wameru walikuwa na namna yao ya kulishughulikia jambo kama hili. Mdai na mdaiwa waliposhindana, wazee wa baraza la Njuri Ncheke wangeweza kuwafikisha kwenye kiapo cha nthenge, yaani beberu, na aliyejua kwamba anadanganya alikiogopa kiapo hicho kuliko faini yenyewe, kwa sababu neno lake lilikuwa limewekwa mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye. Sisemi kwamba tuwaapishe mawaziri wa fedha wa kaunti kwa mbuzi. Nasema kwamba jamii ile ilielewa kwamba deni ni suala la ukweli kwanza, na la mali baadaye. Dawa ya deni ni kulipa, na anayesema hawezi kulipa alitakiwa aseme hivyo huku akijua kwamba uongo una bei.

Mtu atasema kwamba nikiwaambia watu serikali haiishiwi, nitaongeza tamaa, na wezi watapata kisingizio kwamba kuna zaidi. Nadhani ni kinyume. Imani ya hazina tupu ndiyo inayowalinda wezi, kwa kuwa inageuza kila kukosa kuwa bahati mbaya. Ukijua kwamba kilicho haba ni saruji, daktari, dola na miaka ya maisha ya watu, basi zahanati iliyolipiwa na isiyojengwa haionekani tena kama tarakimu zilizopotea. Ni daktari aliyekosa mahali pa kufanyia kazi na mama aliyejifungulia njiani. Na kuna jambo ambalo makanisa yetu ya mlimani yanapaswa kulitazama kwa ujasiri. Viongozi wanaosema katikati ya juma kwamba fedha za shule hazitoshi huonekana Jumapili madhabahuni na mamilioni taslimu ya harambee. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaeleza wabunge kwamba serikali haiwezi kumudu kwa ukamilifu shilingi 22,244 kwa mwaka zilizoahidiwa kila mwanafunzi wa sekondari. Novemba iliyotangulia, Askofu Mkuu Philip Anyolo alikuwa ameagiza mchango wa Rais kwa kanisa la Soweto, Nairobi, urudishwe. Kuna uhusiano kati ya mambo haya mawili. Pesa inayotolewa kwa mkono wa mtu humletea sifa. Pesa inayopita katika mgao wa shule haimletei mtu sifa yoyote. Kanisa linaloipokea ya kwanza bila kuuliza habari za ya pili limeusaidia uongo kusimama.

Kwa hiyo ombi langu kwa Meru na Embu ni dogo na linatekelezeka. Kila mara ofisi ya umma inapotangaza kwamba haina pesa za kumlipa mtu aliyekwisha kufanya kazi, iambatanishe orodha ya waliolipwa mwezi ule ule, kiasi walicholipwa, na tarehe ankara zao zilipofika, ili ionekane nani alirukwa na nani alirukishwa. Kumbukumbu hizo zipo, kwa sababu malipo ya kaunti hupita katika mfumo mmoja, na Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti za kila kaunti mara kadhaa kwa mwaka. Wawakilishi wa wadi wana mamlaka ya kuidai orodha hiyo kwenye kamati zao. Wahubiri na wazee wanaweza kuomba isomwe hadharani, Maua, Nkubu, Runyenjes na Siakago, mbele ya watu wanaodai, na afisa aliyeiandaa awepo kujibu.